Mwalimu Asiyesalimiwa

Wanaowajibika ni watatu. Wa kwanza ni Mwenyekiti wa Kijiji, aliyepeleka shauri mahali lisipostahili kupelekwa. Wa pili ni Mtendaji wa Kata, aliyejulishwa mapema na akajibu kwamba hayo ni mambo ya mila. Wa tatu ni mkuu wa sungusungu, ambaye watu wa huku humwita mtemi, aliyeongoza baraza na anayesimamia hukumu yake hadi leo. Nawataja kwa vyeo kwa sababu vyeo ndivyo vilivyotumika kutenda jambo hili. Mtu binafsi asingeliweza. Aliyetendewa ni mwalimu mstaafu wa somo la uraia, mwanamke mwenye goti bovu, ambaye tangu mwanzo wa msimu huu wa kulima haruhusiwi kusalimiwa na mtu yeyote katika kijiji alichokifundisha maana ya neno raia.

Nimeanza na wahusika kwa makusudi. Katika utumishi wangu wa Afisa Tarafa nilipokea taarifa nyingi ambamo mambo mabaya yalikuwa yakitokea yenyewe, kama mvua ya mawe. Mwalimu alizichukia mno taarifa za namna hiyo. "Bwana Tarafa," alikuwa akiniambia, "ukiletewa habari kwamba uamuzi umefikiwa, uliza nani aliufikia, alikuwa na nani, na nani alimtuma huko." Basi nimeuliza, na majibu ndiyo hayo niliyoyaweka hapo juu.

Sitaeleza alikozaliwa wala ukoo wake. Yeye mwenyewe aliona kuwa maswali hayo huulizwa na watu wanaotafuta sababu ya kutokusikiliza. Inatosha kusema kwamba alifundisha sekondari kwa miaka mingi, kwanza upande wa Mwadui, kisha huku Msalala, mwendo wa pikipiki kutoka Bugarama, na kwamba alipostaafu watu walimshauri afuge kuku. Kuku alifuga, lakini watatu tu. Kisha akaomba ghala la pamba ambalo chama cha msingi kilikuwa kimeliacha tupu, akalifagia, akafungua darasa la Jumamosi kwa watu wazima. Juu ya mlango aliandika kwa chokaa: ELIMU YA SIASA KWA WANAOANZA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Wanaojua tayari wasiingie.

Mimi niliingia kwa sababu nilitumwa. Mtu mmoja alikuwa amelalamika tarafani kwamba ghalani kunafanyika mikutano ya siasa bila kibali. Nilikaa karibu na mlango, nimevaa suti yangu ya kaunda, nikiwa na nia ya kusikiliza kidogo na kuondoka. Alinitazama mara moja tu.

"Wewe hapo mwenye kalamu ya ofisi. Dola na serikali ni kitu kimoja?"

Nilisimama, nikajibu kwa uhakika kwamba ni kitu kimoja.

"Sifuri. Kaa."

Darasa zima lilicheka, mchimbaji mmoja hata akapiga meza. Mwalimu akaendelea kana kwamba hajamwaibisha mwakilishi wa serikali mbele ya umma. Aliuliza nani ana boma la ng'ombe, mikono ikainuka. Akauliza nani huchunga kwa zamu na majirani, ikainuka tena.

"Mchungaji wa leo akimaliza zamu yake, boma linahama?"

"Halihami, Mwalimu."

"Akichunga vibaya mkamwondoa, mnachoma boma?"

"Tutakuwa wendawazimu!"

"Basi boma ni dola, mchungaji ni serikali. Atakayewaambia kwamba ukimkosoa mchungaji umebomoa boma, huyo anataka achunge mpaka afe." Kisha akanigeukia. "Umeelewa, Bwana Tarafa?"

Nilielewa. Niliripoti kwamba hakuna kosa, na Jumamosi iliyofuata nikarudi bila kutumwa. Hata baada ya kustaafu na kuhamia Katoro, niliendelea kupanda bodaboda kwenda kumsikiliza kila nafasi iliporuhusu.

Kwa ambaye hajawahi kuliona darasa lile, nitaeleza lilivyokuwa. Mbele waliketi wafugaji wenye fimbo zao, katikati akina mama wanaowapikia wachimbaji, nyuma wachimbaji wenyewe, wana vumbi jeupe la karasha, mashine ya kusaga mawe, kwenye nyusi. Dirishani kulikuwa na pazia kubwa lililoshonwa kwa vipande vya kanga zilizogawiwa nyakati za kampeni na vyama vyote, rangi zote zikiwa bega kwa bega. Mwalimu hakuwa mwanachama wa chama chochote, lakini hakukataa kanga hata moja. "Huu ndio mfumo wa vyama vingi," alisema akilivuta. "Kila kimoja kinazuia jua kidogo."

Somo la kwanza lilikuwa lile lile kila mwaka: siasa ni nini? Na kila mwaka alitokea mtu wa kujibu alivyojibu mchimbaji mmoja kutoka Mbogwe.

"Siasa ni uongo wenye kipaza sauti."

"Huo ni ugonjwa wake," alisema Mwalimu. "Ukiulizwa ng'ombe ni nini, utajibu ndigana?"

"Hapana, Mwalimu."

"Duara lenu, shimo lile mnaloshuka, likitoa mawe, mifuko inagawiwaje?"

Yule mchimbaji akaeleza kwa urefu: mifuko ya mwenye shamba, ya mwenye leseni, ya mwenye duara, na inayobaki ni ya wanaoshuka.

"Nani alipanga hivyo?"

"Tumekuta hivyo."

"Siasa ni siku mtakayouliza nani alipanga," akasema Mwalimu. "Na ni siku watakayowajibu pia. Hata wakiwajibu kwa kirungu, hiyo nayo ni siasa, ila ni mbaya."

Masomo ya nguvu, mamlaka na uhalali aliyafundisha kwa mifuko hiyo hiyo. Nayakumbuka vema kwa sababu watumishi wengi niliofanya nao kazi walistaafu bila kuyajua.

"Umetoka shimoni na mfuko wako," alimwambia yule yule wa Mbogwe. "Njiani unakutana na mtu mwenye panga. Unafanyaje?"

"Nampa. Mawe yako mengi, shingo ni moja."

"Hiyo ni nguvu. Umefika juu, mwenye leseni anachukua mifuko yake. Unafanyaje?"

"Nampa, lakini nanung'unika."

"Hayo ni mamlaka. Sasa ile mifuko mnayompelekea mama aliyewalisha kwa mkopo wakati duara halijatoa kitu, nani huwalazimisha?"

Walitazamana. "Hakuna. Ukimdhulumu yule, hata mwenzako hashuki nawe tena."

"Huo ndio uhalali. Hakuna serikali duniani isiyotamani kupewa kama mnavyompa yeye."

Mama Kulwa, ambaye ndiye aliyekuwa mama huyo wa mkopo, akasema kutoka katikati, "Basi serikali ije kwangu ijifunze kupika!"

Lakini ufafanuzi uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa raia. Vitabuni raia huelezwa kwa uzawa, kwa karatasi, kwa haki na wajibu. Mwalimu aliyataja hayo yote, akayafuta ubaoni kwa kiganja, akasema: "Raia ni mtu anayeweza kusema hapana mkutanoni, na kesho yake asubuhi akasalimiwa." Watu wa huku, ambao siku yao haianzi bila salamu, na ambao mtu akipita bila kuamkia huulizwa amekosewa nini, waliipokea kauli hiyo kama maji. Hadi watoto wa mnadani waliijua.

Sitaki ionekane kwamba namsifia tu. Alikuwa na upungufu wake, na kumbukumbu sharti ziwe sawa. Katika darasa lile la demokrasia yeye alikuwa mfalme. Aliyechelewa alifungiwa nje, hata akiwa mzee wa mvi. Aliyejibu bila kunyoosha mkono alisimamishwa. Siku moja Mama Kulwa, akiwa amesimamishwa, aliuliza kwa unyenyekevu wa uongo, akimwita mama kwa Kisukuma, "Samahani, mayu. Katika nchi hii ya ghalani, bunge liko wapi?"

"Halipo," alijibu Mwalimu. "Nimeahidi kuwafundisha demokrasia. Sikuahidi kuwaonyesha."

Hata hivyo wanafunzi walipotaka darasa lisogezwe saa moja mbele kwa sababu ya mnada, alikubali lipigiwe kura, akapinga kwa hotuba ndefu, akashindwa vibaya sana. Alikaa kitini. Kisha akasema, "Nimeshindwa kihalali. Inauma kuliko kushindwa kwa hila, kwa sababu huna wa kumlaani." Na tangu siku hiyo alifika kwa saa mpya, akiwa wa kwanza.

Upungufu wake mwingine ulikuwa mpangilio. Masomo yake yalikuwa tisa, na hakuna aliyeweza kumshawishi ayapange upya. Alianza na siasa, akaenda kwenye dola, serikali, nguvu na mamlaka, uhalali, raia, akafika kwenye mkutano na akidi, kisha kura na wingi. La tisa, la mwisho kabisa, lilihusu mipaka: mambo ambayo hata watu wote wakiyapigia kura hawana haki ya kuyaamua. Nilimwuliza kwa nini jambo zito hivyo liwe la mwisho. Jibu lake halikuwa la kipuuzi. "Watu hawa tangu wazaliwe wameambiwa mipaka yao tu," alisema. "Chifu aliwaambia, mkoloni aliwaambia, na wewe pia, Bwana Tarafa, uliwaambia. Kwanza wajue kuwa wana nguvu. Kisha nitawaambia zinaishia wapi."

Na hapa ni lazima nizungumzie sungusungu, kwa haki. Wasiojua huku huwaona kama kundi la watu wenye virungu na filimbi. Sisi tunakumbuka kwa nini walianzishwa: ng'ombe walikuwa wakiibwa na kituo cha polisi kilikuwa mbali. Mwano ukipigwa, yaani yowe la hatari, kila mtu mzima hutoka na kuelekea linakotokea. Asiyetoka hutozwa. Anayekaidi hupelekwa kwenye dagashida, baraza kubwa la jadi, na adhabu ya juu kabisa ya dagashida ni kutengwa. Aliyetengwa hasalimiwi, hauziwi chumvi, hasagiwi mahindi, haingii msibani wala msiba wake hauingiwi. Anayemsalimia hutozwa mbuzi. Mwalimu hakuwadharau. Nimewahi kumwona kwa macho yangu, kabla goti halijaharibika, akiitikia mwano kwa viatu vya mvua, tochi mkono mmoja na mwiko wa ugali mkono wa pili. Alipofundisha kwamba dola ndiyo inayodai peke yake haki ya kutumia nguvu, mtemi wa sungusungu, aliyeanza kusoma mwaka huu na ambaye alikuwa mwanafunzi wake makini kuliko wote, alinyoosha mkono.

"Na sisi je, Mwalimu?"

"Ninyi ni mtihani wa somo langu," alijibu. "Siku mtakayomtenda mtu vibaya, atakata rufaa kwa nani?"

Mtemi aliinamisha kichwa, akaandika. Aliandika kila kitu, yule. Masomo ya akidi na kura yalipofika, aliyapenda kuliko yote. Dagashida ya zamani iliamua kwa kelele. Aliye na sauti ndiye aliyeshinda. Yeye akaanzisha ajenda, akaanzisha kuhesabu mikono, akamweka mtu wa kuthibitisha kuwa waliohudhuria wanatosha. Mwalimu alijivuna waziwazi. "Umeona, Bwana Tarafa? Mila imekubali kuhesabu."

Sasa nieleze lililotokea, na nitalieleza kama lilivyo.

Kijiji kina lambo moja la kunyweshea ng'ombe. Mwenye karasha mmoja, aliyekuja na mashine zake za kusaga mawe, alilitaka ili apate maji ya mwalo, mahali pa kuoshea dhahabu. Halmashauri ya Kijiji ilitaka kumpa. Mwenyekiti aliitisha Mkutano Mkuu wa Kijiji akitarajia makofi, na Mwalimu akasimama kwa fimbo.

"Hapana," alisema. "Kwanza tuambiwe zebaki ya mwalo itakwenda wapi wakati ng'ombe wanakunywa. Halafu tuambiwe ng'ombe watakunywa wapi. Halafu tuulizwe."

Wafugaji wakaungana naye, akina mama wakaungana naye, na ajenda ikaanguka. Nilipompigia simu kesho yake, sauti yake ilikuwa ya msichana. "Jana nimesema hapana, Bwana Tarafa, na leo nimesalimiwa na kila mtu, hata Mwenyekiti. Tumekuwa nchi."

Hakujua kwamba ile salamu ya Mwenyekiti ilikuwa ya mtu anayepima mti kabla ya kuukata.

Muda mfupi baadaye mwano ulipigwa, ng'ombe wa mtu wameibwa. Mwalimu hakutoka. Asingeweza kutoka, goti lilikuwa limevimba na kijiji kizima kilijua. Alitozwa mbuzi kama yeyote. Hapo tena ukaidi wake ukajitokeza, na siufichi: mbuzi alikuwa naye, wa kumtoa alikuwepo, lakini akasema hatoi mpaka aonyeshwe ni chombo gani kilichoruhusiwa kumtoza mgonjwa. Mwenyekiti hakuhitaji zaidi ya hapo. Alipeleka shauri dagashida yeye mwenyewe, akaongeza shtaka la pili ambalo halina maana katika sheria yoyote ninayoijua: kwamba Mwalimu anafundisha watu ukaidi. Mtendaji wa Kata aliarifiwa na watu wawili, mmojawapo ni mimi. Alinijibu kwenye simu, "Mzee wangu, hayo ni mambo ya mila, sisi hatuingilii." Mtumishi wa serikali, mwenye mhuri wa serikali, anasema hivyo wakati raia anahukumiwa katika kata yake. Nilihisi damu ikinipanda, na haijashuka hadi leo.

Baraza lilikaa bila Mwalimu kuitwa. Mwenyekiti alisema, wengine wakasema, mikono ikahesabiwa. Kisha Mtemi akaenda mwenyewe kumjulisha, akasimama nje ya ua wa minyaa. Mazungumzo yao nimeyasikia kwa Mwalimu na nimeyasikia kwa Mtemi, na maelezo yao hayatofautiani.

"Mwalimu, baraza limeamua utengwe."

"Nani aliamua?"

"Watu. Tumefuata utaratibu kama ulivyotufundisha. Akidi ilitimia. Tumehesabu mikono mara mbili."

"Mara mbili?"

"Ili tusikosee, Mwalimu."

"Mlisikiliza upande wangu?"

Mtemi akasema kwa uaminifu kamili, na neno hili ndilo linaloninyima usingizi: "Hatujafika somo hilo."

Ilikuwa kweli. Somo la nane lilikuwa limekwisha Jumamosi iliyotangulia. La tisa lilikuwa lifuate. Ghala sasa limefungwa kwa kufuli la Halmashauri ya Kijiji, pazia la kanga likiwa ndani.

Nilimtembelea hivi karibuni. Nilipanda bodaboda kutoka Katoro, na nilipofika kijijini nikabadilisha, kwa kuwa kijana wa Katoro hakuijua njia ya ndani. Kijana wa kijijini alinibeba vizuri, akinieleza habari za bei ya mpunga, mpaka nilipomwambia ninakokwenda. Alisimamisha pikipiki.

"Mzee, shukia hapa. Pale sifiki."

"Wewe hukusoma kwake?"

"Nilisoma." Alitazama tairi lake. "Ukimwona... basi, wewe nenda tu."

Nikatembea. Nilipokaribia ua nilisikia sauti ya Mama Kulwa. Alikuwa amesimama njiani na mzigo wa kuni, mbele yake mbuzi mmoja kafungwa kamba, na alikuwa akizungumza na mbuzi huyo kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

"Wewe mbuzi! Umeamkaje leo? Goti limepungua? Hizi kuni zinanilemea, naona nizitupe hapa hapa."

Kutoka ndani ya ua sauti ikajibu, "Kuku wangu we, goti ni lile lile. Ila kama kuna mtu mwenye kichaa anayezungumza na mbuzi, asisahau kumuuliza watoto wanaendeleaje."

"Mbuzi, watoto wazima! Kulwa kafaulu mtihani!"

"Kuku, piga vigelegele!"

Mama Kulwa alicheka huku akifuta macho kwa upande wa kanga. Aliniona, akaniamkia, akaondoka na mbuzi wake. Kuni zikabaki. Hivyo ndivyo mwanamke huyo amekuwa akivuka hukumu ile kila asubuhi, na Mtemi, ambaye hapiti mbali, hajawahi kumsikia.

Mwalimu alikuwa akitwanga. Mashine ya kusaga haimpokei, kwa hiyo mwanamke wa umri ule, mwenye goti lile, anatwanga mahindi kwenye kinu, amekaa kwenye kigoda, mchi ukishuka kimshazari. Maji anachota lamboni, chini ya kwato za ng'ombe, kwa kuwa bombani haruhusiwi. Na lambo lenyewe, naomba jambo hili lisipite, tayari lina bomba la plastiki la mwenye karasha. Ajenda iliyoanguka mkutanoni imeingia majini bila mkutano.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema.

Hakuitika. Aliweka mchi chini. "Ngoja kwanza. Wewe ni mkazi wa kijiji hiki?"

"Mimi ni wa Katoro, unajua."

"Najua, lakini nataka useme. Basi hukumu haikuhusu." Akanyoosha mgongo. "Marahaba, Bwana Tarafa. Marahaba sana. Rudia tena."

Nikarudia. Aliitika tena, polepole, kama mtu anayekunywa.

Nilimweleza nilichokuja nacho. Mtemi alikuwa amenifuata Katoro, akiwa amekonda. Aliniomba nimshawishi Mwalimu atoe mbuzi, aombe msamaha barazani, mambo yaishe. "Na sisi tunaumia, mzee," aliniambia. "Lakini siwezi kuvunja uamuzi uliohesabiwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

Mwalimu alisikiliza, akageuza mahindi kwa kiganja.

"Nikiomba msamaha nitasalimiwa?"

"Utasalimiwa."

"Nitasalimiwa kama nani?"

"Kama zamani," nilisema.

"Nitakuwa mtu aliyesamehewa," alisema. "Mtu aliyesamehewa hawezi kusema hapana tena. Atanyamaza mpaka kaburini ili asitengwe mara ya pili. Na waliokuwa wakimsikiliza watajifunza hapo. Hilo litakuwa somo la tisa, Bwana Tarafa, ila litakuwa limefundishwa na Mwenyekiti."

Kisha akasema jambo ambalo sikutarajia kulisikia kwake.

"Unajua matimba? Yale magogo wanayoshikizia kuta za shimo. Yanawekwa kadiri unavyochimba, hatua kwa hatua. Mimi niliwachimbisha masomo manane nikasema matimba nitayaweka mwisho." Alishika mchi. "Kuta zimeanguka, na mimi ndiye niliyekuwa chini. Sina kinyongo na Mtemi. Alifanya mtihani kwa yale aliyofundishwa. Lakini Mwenyekiti alikuwa anajua. Mtendaji ana mhuri, alikuwa anajua. Wale wasijifiche nyuma ya mikono ya wanafunzi wangu."

"Unataka nini, Mwalimu? Niseme kwa nani?"

"Sitaki huruma, na sitaki hukumu ifutwe kimya kimya ofisini. Iliwekwa mbele ya watu, iondolewe mbele ya watu. Waitishe mkutano. Wanipe nafasi ya kusimama. Nitafundisha somo la tisa palepale, ni fupi: wingi unaweza kuamua lambo lichimbwe wapi, hauwezi kuamua kwamba mtu si mtu. Baada ya hapo wapige kura wakitaka. Wahesabu hata mara tatu."

Alinisindikiza hadi kwenye minyaa, hakuvuka. Nilipogeuka nilimwona amesimama akitazama njia. Walipita wafugaji wawili na ng'ombe wao, watu niliozoea kuwaona mstari wa mbele ghalani. Walitazama chini. Mmoja wao aliondoa kofia, akaipunga kama anayefukuza nzi, akaivaa tena.

Kwa hiyo, nikiwa mtumishi mstaafu wa serikali niliyeapa kulinda sheria za nchi na ambaye kiapo changu hakikustaafu, nadai yafuatayo hadharani.

Mwenyekiti wa Kijiji aeleze kwa nini shauri la ardhi na maji, lililoamuliwa na Mkutano Mkuu, lililipiziwa kisasi katika baraza la jadi, na aeleze bomba lililomo lamboni liliwekwa kwa idhini ya nani. Mtendaji wa Kata aeleze ni mila ipi inayomwondolea wajibu wa kumlinda mtu aliye katika kata yake, na kama haipo, mhuri aukabidhi kwa anayejua kazi yake. Mkuu wa sungusungu aeleze, kwa uaminifu ule ule aliouonyesha kwenye ua wa minyaa, jinsi mtu alivyohukumiwa bila kuitwa. Maelezo hayo yatolewe katika mkutano wa wazi wa kijiji, ghala likiwa limefunguliwa, Mwalimu akiwa amepewa kiti mbele na nafasi ya kusema. Mkuu wa Wilaya, ambaye nakala ya madai haya itamfikia kwa mkono wangu, ahudhurie.

Na kabla ajenda ya kwanza haijasomwa, wahusika wote watatu, Mwenyekiti akitangulia, wasimame mbele ya watu na kumwamkia Mwalimu. Kisha wangoje. Akiitika, mkutano uanze. Asipoitika, wabaki wamesimama hapo hapo, na waendelee kujieleza.